Hali na Hari

Pale Lisekese, Masasi, ukimuulizia Dastani dereva utaonyeshwa nyumba, ila usitegemee kukuta gari. Hana gari, hajawahi kuwa nalo, na pikipiki anapanda za wenzake. Jina alipewa na mama yake mzazi. Siku aliporudi kutoka chuoni akaulizwa amesomea nini, akajibu kwamba anaandika draiva, zile programu zinazoifanya kompyuta ielewane na kifaa kilichochomekwa. Mama akasikia dereva, akawatangazia majirani wote wa kule kwao kwamba mwanawe sasa ni dereva. Watu wakasubiri gari. Lilipokawia wakaanza kumtania, dereva, tupeleke basi Newala, naye akicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Siku hizi hakuna anayemtania. Jina limebaki kama jina tu.

Yeye ni Mmakonde wa upande wa Mnyambe, Newala, na hapo inabidi tuseme jambo ambalo watu wa kwingine hulifanya kichekesho. Chimakonde hakina r. Mtoto wa huku anazaliwa, anatambaa, anatumwa maji, na hajaisikia r hata moja mpaka siku anayoingia darasa la kwanza. Huko ndiko anakokuta kwamba kuna kura na kuna kula, na kwamba ukizichanganya unachapwa. Dastani alichapwa sana. Aliandika "mama anapika chakura", akachapwa. Akaambiwa azoee l, akaandika "wazazi wamepiga kula", akachapwa tena. Hakuwa mjinga hata kidogo. Sikio lake lilisikia sauti moja pale mwalimu aliposikia mbili, na haijapatikana fimbo ya kutibu sikio la namna hiyo. Mwishowe alifanya wanavyofanya wengi, akakariri kila neno kwa macho kama mtu anavyokariri sura za watu, akafaulu, akaendelea. Lakini akichoka, au akiwa na jambo moyoni, r na l zilirudi kuwa kitu kimoja.

Kazi aliipata Masasi mjini, kwenye karakana ya mzee Hamudi, Myao wa Chiwata, mtu wa haraka na wa maneno mengi, anayevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Karakana ilitengeneza vijisanduku vya kufunga kwenye mafriji ya chanjo katika zahanati za vijijini. Ndani ya kijisanduku mna kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti, na nje kuna kioo kinachoonyesha namba. Chanjo inataka baridi ya wastani, kati ya nyuzi mbili na nane. Ikigandishwa sana huharibika, ikipata joto huharibika, na ikishaharibika haibadiliki sura. Unamchoma mtoto, analia, mnarudi nyumbani mmeridhika, na kumbe mmemchoma maji. Ndiyo maana namba ile ya kwenye kioo ilikuwa kitu kikubwa.

Kipimajoto, kioo na vifaa vingine vilitoka nje. Draiva ilikuwa ya Dastani. Draiva ina kasha lake la ndani, kasha la namba na majina, wala si la mbao, na kasha hilo limegawanywa vyumba. Dastani alivipa vyumba majina ya Kiswahili, kwa sababu alishachoka kuandika kila kitu kwa lugha ya watu. Chumba kimoja akakiita hali. Humo iliwekwa namba ya kueleza mashine iko vipi: moja imezimwa, mbili inaamka, tatu inalalamika, nne ni nzima na inafanya kazi. Chumba cha pili akakiita hari, na humo ziliwekwa nyuzi za ndani ya friji.

Angekiita joto, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini neno hari alilipata kwa Rukaiya, muuguzi wa zahanati moja ya kule kwao. Jina la zahanati tuliache, wale watu wamesemwa vya kutosha. Rukaiya ni mtu wa Lindi, Kiswahili amenyonya, na siku alipofungiwa kijisanduku alisema, "Kaka Dastani, mengine yote yenu. Mimi nionyeshe hari ya ndani, basi." Neno likampendeza. Na tena hali na hari zina urefu sawa, ukiziandika moja juu ya mwenzake zinakaa vizuri kwenye kioo cha kompyuta. Mtu aliyechapwa utoto mzima kwa ajili ya herufi mbili hizo aliona raha ya pekee kuzipanga hivyo bila kukosea. Wacha aone raha, nani angemkataza.

Sasa, hapo mwanzo vyumba vya kasha vilikuwa wazi. Programu ya kioo, ambayo iliandikwa na mzee Hamudi mwenyewe, ilikuwa inaingiza mkono moja kwa moja kwenye kasha na kuchukua namba inayoitaka. Ilifanya kazi vizuri mpaka siku Dastani alipoongeza chumba kipya katikati. Vyumba vingine vikasogea, mkono wa programu ya kioo ukaenda palepale ulipozoea, ukachota kisichokuwa chake. Friji la majaribio pale karakana likaonyesha nyuzi mia tisa na ushee. Walicheka siku ile. Mzee Hamudi akasema, "Hili friji linachoma mkate," halafu akaacha kucheka. Akamwambia Dastani afunge vyumba vyote. Mtu wa nje asiingie tena ndani ya kasha. Anayetaka kitu asimame mlangoni aombe, na draiva yenyewe ndiyo imtolee.

Dastani alilielewa jambo hilo haraka kuliko alivyolielewa chuoni, kwa sababu aliwahi kuoa. Mkewe alikuwa wa Chiwata, wakaachana kwa amani, lakini adabu za ukweni hazikumtoka. Kwa mama mkwe huingii jikoni ukajichotea chumvi. Unasimama uani, unakohoa kidogo, unasema hodi, unatamka shida yako ukiwa umeangalia pembeni, na chumvi inaletwa. Hujui ilikuwa kwenye chungu gani wala kwenye rafu ipi, na wala haikuhusu. Mama mkwe akihamisha vyungu vyake, wewe bado utapata chumvi. Alimweleza hivyo mzee Hamudi, na mzee akapenda sana, akawa anairudia kwa kila aliyeingia karakana, hata kwa watu waliokuja kuchaji simu.

Kuna upande mmoja wa ukweni ambao hawakuuzungumza. Ukiletewa chumvi na mama mkwe, hukagui. Hufunui sahani ukaonja kwanza mbele yake. Unapokea kwa mikono miwili na kushukuru, na kama ni sukari utaijua ikishafika kwenye mboga.

Basi Dastani akafunga vyumba na kuweka milango. Mlango mmoja wa kutoa hali, na mwingine wa kutoa hari, mistari michache tu kila mmoja. Aliandika mlango wa kwanza, akaunakili, akaubandika chini yake, akaanza kubadilisha majina. Jina la mlango wa pili akalibadilisha, likawa soma_hari. Ndani yake, pale penye amri ya kutoa, neno likabaki hali. Herufi moja. Alikuwa amechoka, na macho yake ambayo yalikuwa yamekariri kila neno yakapita juu yake kama mtu anavyompita jirani wa kila siku.

Kazi zote za karakana zilikuwa zinakaguliwa na watu wawili. Ila mzee Hamudi macho yamepungua, na ile miwani ya waya ni ya kusomea magazeti. Kwa hiyo walikuwa na mtindo wao: Dastani husoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na mzee hukaa kwenye kiti amefumba macho, anasikiliza, akisikia kasoro anagonga meza. Mtindo ule uliwahi kunasa makosa mengi. Mzee alikuwa anaishika draiva yote kichwani, akikosoa bila kufumbua jicho. Lakini Chiyao cha mzee nacho hakina r. Dastani akasoma, "soma hali, toa hali," kisha mlango wa pili akasoma, "soma hali, toa hali," na mzee Hamudi akatikisa kichwa cha kuridhika, kwa sababu alichosikia kilikuwa sawasawa na alichotarajia kusikia. Meza haikugongwa.

Wakajaribu kwenye friji la karakana. Kioo kikaonyesha nne. Wakaweka pembeni kipimajoto cha kawaida, nacho kikaonyesha nne na kidogo. Ndivyo friji lile lilivyokuwa siku ile kwa kweli, nani wa kulaumiwa. Wakapeleka toleo jipya kwa mtandao kwenye vijisanduku vyote, vya Masasi na vya Newala, wakaenda kula.

Rukaiya ndiye alikuwa wa kwanza kupiga simu kusifu. Zamani namba ilikuwa inapanda na kushuka, leo tatu, kesho sita, mchana jua likiwaka saba, yeye roho juu. Sasa imetulia. "Asubuhi nne, mchana nne, nikija jioni kufunga nne," alisema. "Kaka, umelifanya nini hili friji, limekuwa na adabu hivi." Dastani akajisikia mtu. Kipimajoto cha zamani kilichokuwa kinaning'inia ndani ya friji lile kilishapasuka, na hakuna aliyeona sababu ya kutafuta kingine.

Hapo ndipo anapoingia Severina, dada yake Dastani, wa tumbo moja, aliyebaki kule kijijini na mikorosho ya mama yao. Severina alikuwa na mtoto mmoja, Agatha, na asiyejua mambo ya Wamakonde aambiwe hapa kwamba mtoto wa dada ndiye mtoto. Ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeulizwa juu yake, akiugua, akisoma, akiolewa. Dastani hakuwa amepata mtoto wake. Agatha ndiye aliyekuwa watoto wake wote. Alikuwa ameanza kutembea, na alikuwa na tabia ya kumshika mtu sikio anapobebwa, analikamata kabisa mpaka umfungue vidole.

Severina hakuwa na imani na zahanati ile. Watoto wake wawili wa kwanza waliwahi kufa wachanga, akawa mtu wa wasiwasi, na alitaka Agatha akachanjwe surua hospitalini Newala, mbali huko, kwenye foleni. Dastani akacheka kwenye simu. "Nenda hapo kwa Rukaiya," akamwambia. "Friji la pale lina mkono wangu." Kwa Severina neno la kaka yake lilitosha. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda, Agatha akachomwa, akalia, wakarudi nyumbani wameridhika.

Ilikuwa miezi ya joto kabla ya mvua, korosho zinaanguka, na watu wako mashambani kutwa nzima. Mpira wa mlango wa friji lile ulikuwa umechanika upande wa chini, mahali ambapo huwezi kuuona mpaka upige magoti. Baridi ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Mota ilikuwa inazunguka bila kupumzika, mashine nzima inafanya kazi, kwa hiyo hali ilikuwa nne, kweli kabisa. Kioo hakikusema uongo. Kilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Rukaiya si mzembe, na hili lisemwe mapema. Chupa za chanjo zina alama ndogo inayobadilika rangi joto likizidi. Aliiona imeanza kubadilika, si sana, rangi ya kubishaniwa. Akainua macho kwenye kioo, akaona nne. Kati ya macho yake na mashine iliyotoka mjini, akaamini mashine. Alishafundishwa kwenye semina kuiamini.

Surua ilipoingia kijijini ilianzia kwa watoto ambao kwao hawataki chanjo, na watu wakasema, mnaona. Kisha ikaingia kwenye nyumba za waliochanjwa, watu wakanyamaza. Severina akapiga simu Masasi. Agatha ana homa, macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio. "Lakini si alichanjwa, kaka," akasema, na akasema tena hivyohivyo, kama mtu anayedai kitu dukani. Dastani akapanda gari la asubuhi mpaka Newala, na kutoka hapo akachukua pikipiki. Alipofika hakupitia nyumbani kwanza. Miguu ilimpeleka zahanati, na moyo wake ulishajua.

"Shikamoo, kaka," Rukaiya akamwamkia, huku macho yake yako kwenye foleni ya akina mama.

"Marahaba, nesi. Naomba nilione friji."

Kioo kilikuwa kinaonyesha nne. Dastani akafungua mlango, akaingiza mkono mpaka ndani kabisa, katikati ya chupa, akauacha humo. Kulikuwa na uvuguvugu wa chumba kilichofungwa. Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa umelowa. Rukaiya naye akaingiza wa kwake, na uso wake ukabadilika.

Wakakaa kwenye benchi la stoo. Dastani akafungua kompyuta yake, akaitafuta milango ile miwili, akaisoma kimoyomoyo, akaisoma tena. Haikuwa na kosa. Kila alivyosoma, hali ilitoa hali, na hali ilitoa hali. Akaona macho yake yanamdanganya, akampa Rukaiya kompyuta. "Nisomee hapa. Kwa sauti."

Rukaiya hajui chochote cha draiva, lakini kusoma anajua. Akasoma polepole, kwa ule ulimi wa Lindi, kila herufi mahali pake. "Soma hali. Toa hali." Akashuka. "Soma hari. Toa hali." Akarudia mstari ule kwa sauti ya chini. "Kaka, hapa si palitakiwa pawe na hari pia? Hili ni la hali."

Dastani alilisikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alizisikia sauti mbili zikiwa mbili, bila macho, bila kukariri, kama anavyosikia mtoto wa pwani. Aliwahi kutamani sana kusikia hivyo enzi za shule. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti.

Kusahihisha kulikuwa kazi ya kufuta herufi moja na kuandika nyingine. Alipomaliza, kioo kikaruka kutoka nne mpaka ishirini na nne, na akina mama wa kwenye foleni ambao hawakujua maana ya namba ile wakaitazama tu. Alimpigia mzee Hamudi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Vijisanduku vyote?" Dastani akasema vyote. Toleo lilisahihishwa kila mahali siku ileile. Mafriji mengi yalikutwa na baridi yake, Mungu saidia. Lakini chanjo zilizokwishaingia kwenye mikono ya watoto kutoka friji la Rukaiya hazina mlango wa kuziomba zirudi.

Agatha alipelekwa Newala, kifua kikiwa kimeshabana. Severina alipanda pikipiki akiwa amemkumbatia mbele, na Rukaiya akamfuata barabarani kumpa maelekezo. "Wakimpima kule uwe unampigia kaka yako, umwambie hari yake. Hari ikishuka ndiyo salama yetu." Severina akaitikia. Ilikuwa haki Dastani aende nao, mjomba ndiye wa kwenda. Alisingizia kazi. Alisema lazima aziondoe zile chupa, akague mpira, aandike taarifa. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa nyuma ya dada yake kwenye pikipiki moja, huku yule mtoto akinyoosha mkono kumtafuta sikio.

Kesho yake mchana walikuwa yeye na Rukaiya nyuma ya zahanati wanachimba shimo la kuzikia zile chupa. Simu ikaita. Mtandao wa huku unajulikana, sauti ilikuwa inakuja na kukatika. Severina alikuwa anaongea Chimakonde, ila neno la hospitali akaliacha kwa Kiswahili kama alivyoagizwa. Alisema neno moja na kitenzi chake. Kisha ikakatika.

"Anasemaje?" Rukaiya akauliza.

"Anasema imeshuka."

"Nini imeshuka? Hari au hali?"

Dastani akasimama na jembe mkononi. Alijaribu kulirudisha neno lile sikioni, alisikilize tena kama lilivyotoka. Lilirudi lile lile, na halikuwa na jibu. Kama ni hari, mtoto amepona. Kama ni hali, basi. Alipiga, simu haikupatikana. Alipiga tena, akatembea mpaka penye mtandao, akapiga. Rukaiya akamwambia, "Atakuwa amesema hari. Mimi ndiye niliyemwagiza hari." Akakubali. Alikubali kwa sababu alitaka kukubali, akamaliza kufukia shimo, hata maji ya kunywa akaomba. Alichukua pikipiki kwenda Newala akiwa na tumaini, na njiani alimwambia mwendesha pikipiki kwamba mpwa wake anaendelea vizuri.

Alimkuta Severina amekaa chini nje ya wodi, kanga imefungwa kiunoni, na wanawake wa ukoo wamemzunguka. Agatha alikuwa ndani, amefunikwa. Dastani akaingia, akamfunua uso, akaweka kiganja kwenye paji. Alikuwa wa baridi. Kumbe yote mawili yalikuwa yameshuka, na Severina hakuwa amekosea kwa vyovyote.

Walimzika kwenye mikorosho ya bibi yake. Mzee Hamudi alipanda mlima kutoka Masasi akaja, akakaa kwenye jamvi na wanaume, miwani mfukoni. Watu wa wilaya walikuja wakaandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi. Rukaiya akahamishwa, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba aliuza chanjo nzuri akachoma watu maji, na hakuna awezaye kuwatoa kwenye hilo. Watoto wengine walipona, mmoja haoni vizuri, na wengine wawili wako karibu na Agatha. Dastani hajafukuzwa kazi. Ingekuwa afadhali.

Matanga yalipoanuliwa akabaki kijijini, kwa sababu kuna jambo lilikuwa bado. Alimkuta dada yake uani, anachambua korosho, nzuri huku, mbovu huku. Akakaa chini mbele yake, akamweleza yote, kuhusu kasha na vyumba na milango, na ile kazi ya kusoma kwa sauti, na friji lenye mkono wake. Severina alikuwa anasikiliza huku mikono inaendelea na korosho. Hakulia. Alishalia.

"Herufi moja," akasema.

"Moja."

"Ipi?"

Dastani akafuta mchanga kwa kiganja, akaandika kwa kidole neno moja, na chini yake la pili. Severina alifika darasa la saba, kusoma si shida yake. Akainama akayaangalia kwa muda mrefu.

"Ninaziona ni tofauti," akasema. "Sasa nisomee. Nataka nisikie kilichomuua mwanangu."

Dastani akaonyesha neno la juu. "Hali," akasema.

"Na hili?"

Akaweka kidole chini ya neno la pili. Akajikaza, akalitafuta kama Rukaiya alivyolitamka pale kwenye benchi, na aliliona kabisa kwa macho, likiwa na herufi yake mahali pake.

"Hali," akasema.

Severina akamtazama mdomoni, akangoja kidogo, akidhani bado hajamaliza.

"Mbona ni neno lile lile, kaka."

Akajaribu tena, na likatoka lile lile.